Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kampuni za matangazo mtandaoni na kile tunachothubutu kuchapisha

Ukurasa huu ni wa wenye blogu, magazeti ya mtandaoni na tovuti za Kiswahili wanaoishi kwa matangazo, au wanaotarajia kuishi kwa matangazo. Majibu yana maoni ndani yake na hatukuyaficha.

Hivi kweli kampuni ya matangazo inaweza kuniamulia cha kuandika?

Cha kuandika, hapana. Hakuna mtu atakayekupigia simu asubuhi kukuuliza leo unatoa habari gani. Kinachoamuliwa ni habari ipi italipwa na ipi haitalipwa. Gazeti lenye waandishi mia na idara nzima ya matangazo linaweza kulimudu hilo. Mwenye blogu anayelipia seva, bando na kijana mmoja wa kufuatilia habari za mikoani hana ubavu huo. Habari za aina fulani zikikosa malipo mara mbili tatu, za aina hiyo haziandikwi tena, na hakuna anayekaa kikao kuamua hivyo. Kwa hiyo ukitafuta nguvu ya kampuni hizi kwenye kurasa zilizofutwa utaiona kidogo tu. Nyingi imo kwenye makala ambazo mwandishi alizifikiria, akapiga hesabu, akaachana nazo.

Kuna mfano halisi, au ni manung'uniko tu?

Upo, na umeandikwa sana. Machi 2015 tovuti ya Antiwar.com ya Marekani, inayopinga vita tangu miaka ya 1990, iliarifiwa kwamba matangazo ya Google AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye tovuti za watu na kuwagawia mapato, yamezimwa kwenye kurasa zake. Kosa lilikuwa ukurasa wenye picha za gereza la Abu Ghraib nchini Iraq, zile zinazoonyesha askari wa Marekani wakiwadhalilisha na kuwatesa wafungwa. Picha hizo zilitoka hadharani mwaka 2004, zikaonyeshwa na televisheni na magazeti ya dunia nzima. Lakini sera ya AdSense ilikataza matangazo kando ya picha za ukatili na damu, na mtambo au mtu aliyeupitia ukurasa ule aliona ukatili na damu.

Habari ilipovuma, Google ilionekana kulegeza kamba. Haukupita muda ukaja ujumbe mwingine: ondoeni na picha hii, safari hii ikiwa ni miili ya watu waliouawa Ukraine. Mkurugenzi wa tovuti, Eric Garris, akakataa.

Hapo hakuna aliyedai kwamba picha ni za kughushi, wala kwamba sheria imevunjwa. Hakuna mahakama iliyohusika. Sera haikuwa na namna ya kumtenganisha anayeonyesha mateso ili yakome na anayeyaonyesha ili avute macho. Kwa tovuti inayoandika juu ya vita, hilo si tatizo la ukurasa mmoja. Ni kazi yake yote.

Lakini fedha ni za wenye bidhaa. Si wana haki ya kuchagua zikae wapi?

Wanayo, na usimsikilize anayekuambia hawana. Kampuni ya maziwa ya watoto haina wajibu wa kulipia ukurasa unaotukana kabila la watu. Mwishoni mwa 2016 kundi la wanaharakati wa Marekani liitwalo Sleeping Giants lilianza kuzionyesha kampuni, moja baada ya nyingine, picha za matangazo yao yakiwa kwenye Breitbart, tovuti ya habari ya mrengo mkali wa kulia. Nyingi hazikuwa na habari kabisa kwamba fedha yao inafika huko. Zikajiondoa. Mimi sioni ubaya wowote hapo: mwenye tangazo aliarifiwa, akaamua mwenyewe.

Ubaya unaanzia pale anayeamua si mwenye bidhaa bali dalali, na dalali huyo ni mmoja kwa karibu kila mtu. Ukigombana na kampuni ya maziwa unatafuta ya sabuni. Ukigombana na dalali, umezikosa zote mbili kwa siku moja.

Kwa nini kila mara inatajwa Google?

Kwa sababu ya jinsi mnada wenyewe ulivyo. Msomaji anapofungua ukurasa wako, nafasi ya tangazo inanadiwa papo hapo, kabla ukurasa haujamaliza kufunguka. Kuna programu inayokaa upande wako na kuuza nafasi, kuna programu inayokaa upande wa wenye matangazo na kununua, na katikati kuna soko lenyewe. Google ina mkono sehemu zote tatu. Fikiria mnada wa ng'ombe ambao dalali wako, dalali wa mnunuzi na mwenye uwanja anayetoza ushuru ni mtu yuleyule, na ndiye pekee anayeona bei zote zilizotajwa.

Haikutokea kwa siku moja. AdSense ilianza mwaka 2003. Mwaka 2007 Google ilitangaza kuinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1 na mwaka uliofuata ununuzi ukakamilika. Hapo ndipo ilipopata programu ambayo wachapishaji wakubwa walikuwa tayari wanaitumia kupanga matangazo yao. Kwenye soko lake, AdX, imekuwa ikikata asilimia 20 hivi. Ndani ya kampuni yenyewe mfanyakazi mmoja aliliona tatizo, akaandika kwamba ni sawa na benki ya Goldman au Citibank kulimiliki Soko la Hisa la New York. Maneno hayo serikali ya Marekani iliyanukuu kwenye mashtaka yake ya Januari 2023.

Tarehe 17 Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema wa mahakama ya shirikisho, Virginia, aliamua kwamba Google ilijijengea ukiritimba kinyume cha sheria katika programu za wachapishaji na katika soko la mnada, na kwamba ilivifunga viwili hivyo pamoja ili ukitaka kimoja uchukue na cha pili. Kwa upande wa zana za wenye matangazo, serikali ilishindwa. Ulaya nako hawakukaa kimya: Ufaransa iliitoza Google faini ya euro milioni 220 mwaka 2021, na Septemba 2025 Tume ya Ulaya ikaitoza euro bilioni 2.95. Google imeupinga uamuzi wa Marekani na ule wa Tume ya Ulaya, ikisema wachapishaji wana njia nyingi za kuchagua.

Hukumu hiyo inabadilisha nini kwa tovuti yangu ya Mwanza au Mombasa?

Kwa leo, hakuna. Kesi ilihusu ushindani na bei. Haikugusa sera za maudhui. Serikali ya Marekani iliiomba mahakama iilazimishe Google kuiuza AdX. Hata ikiuzwa, mnunuzi naye atakuja na sera zake. Faida itakuwa kwamba sera zitakuwa za watu wawili, na aliyekataliwa na mmoja atakuwa na pa kubisha hodi.

Nimepata barua pepe kwamba nimekiuka sera. Naielewaje?

Kwanza usifute kitu kwa hofu. Barua yenyewe haielezi kitu. Ingia kwenye akaunti, fungua sehemu ya sera, utakuta orodha. Kila mstari una mambo matatu ya kutazama: ni ukurasa mmoja au tovuti nzima, ni kosa la aina gani, na matangazo yamezimwa kabisa au yamepunguzwa tu.

Hili la mwisho ndilo watu wengi hulipita. Kuna yanayokatazwa moja kwa moja, kama chuki dhidi ya kundi la watu, maudhui ya wizi, au ngono inayohusisha watoto. Ukurasa wa namna hiyo haupati tangazo lolote. Halafu kuna yanayowekewa mipaka: pombe, tumbaku, silaha, kamari, dawa, picha za kutisha, mambo ya ngono. Hayo hujavunja chochote. Unaruhusiwa kuyaandika na ukurasa unabaki salama, ila ni wenye matangazo waliokubali tu watakaonadi hapo, na kwa kawaida ni wachache. Tumewahi kuona watu wakifuta uchunguzi mzuri wa gongo au wa biashara haramu ya bunduki kwa kudhani akaunti itafungwa, kumbe ilikuwa ni kupungukiwa mapato ya ukurasa mmoja. Hilo la kufuta hakuna aliyewaagiza.

Ukiona uamuzi si sahihi, ombi la kupitiwa upya lipo palepale kwenye mstari wa ukurasa husika. Njia nyingine ambayo wazoefu wa kazi hii wanaitumia ni kuondoa msimbo wa matangazo kwenye ukurasa huo mmoja na kuiacha makala ilivyo. Unapoteza senti za ukurasa, unabaki na habari.

Tovuti yangu ni ya afya. Kwa nini makala za uzazi zinahesabiwa kuwa za ngono?

Tuseme umeandika jinsi mwanamke anavyoweza kujichunguza matiti nyumbani, ukaweka picha tatu za mkono ukipapasa titi, na kichwa cha habari kinachosema wazi ni titi. Muuguzi atakusifu. Mtambo unaona ngozi, unaona neno, na unatazama jirani: pembeni ya makala umeweka viungo vya "habari nyingine", na kimojawapo ni cha udaku chenye picha ya msanii aliyevaa nusu. Hapo umeusaidia kukuhukumu.

Sera inaruhusu elimu ya afya. Lakini ni juu yako kuonyesha kwamba ni elimu. Mchoro badala ya picha husaidia. Kichwa cha habari kisicho na ushabiki husaidia. Na udaku uhamishie kwenye tovuti nyingine, kama lazima uwe nao.

Hata hivyo tuseme ukweli: ushauri huu tunaoutoa ndio ile nguvu yenyewe tunayoizungumzia. Tunakufundisha kuandika ili mtambo ukuelewe kabla ya mama wa Kigoma.

Mtambo unakisoma Kiswahili kweli?

Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zinazokubaliwa na AdSense. Kwa miaka mingi hakikuwemo, na blogu nyingi za Bongo na Nairobi zilikuwa zikipenyeza makala za Kiingereza ili zikubaliwe. Kuwemo kwenye orodha hakumaanishi kuna mtu anayekaa kusoma. Kurasa ni nyingi mno. Zinapitiwa na mashine kwanza, na binadamu huja baadaye, akija. Kejeli, utani wa watani, methali yenye neno kali, mashairi ya kujibizana: vyote hivyo ni hatari zaidi kwa mashine kuliko habari kavu. Ukikataliwa kwa sababu ya "maudhui yenye thamani ndogo", mara nyingi si lugha. Ni kwamba umenakili habari zilezile zilizo kwenye tovuti nyingine ishirini, na hapo mashine ina haki.

Wasomaji wakitukanana chini ya makala, ni kosa langu?

Kwa sera hizi, ndiyo. Juni 2020, wakati wa maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd, Google iliizimia matangazo tovuti ya Kimarekani ya Zero Hedge na kuionya nyingine, The Federalist, ikitaja maoni ya wasomaji. The Federalist iliondoa sehemu ya maoni. Wengi walioona vituko vya maoni ya YouTube, ambayo ni ya Google hiyohiyo na yana matangazo, walicheka. Lakini kicheko hakikubadili sera. Kama huna mtu wa kuyachuja maoni, yafungie ukurasa tofauti usio na matangazo, au yafunge kabisa usiku wa uchaguzi.

Shida ni Google peke yake?

Hapana. Wenye matangazo wakubwa nao wana orodha za maneno. Wakala wa kampuni anaziingiza kwenye mfumo, na ukurasa wenye neno lolote kati ya hayo hauletewi tangazo lake. "Bomu", "kifo", "mauaji", "shambulio". Ripoti ya mechi yenye mashambulizi mengi inaangukia humo. Mwaka 2020 kampuni nyingi ziliingiza jina la virusi vya korona kwenye orodha hizo; magazeti ya Uingereza yalilalamika kwamba watu wanasoma habari kuliko wakati wowote na matangazo hayaji. Mwaka 2019 kampuni ya habari ya Vice Media ilikataa hadharani kuzipokea orodha zenye maneno kama "Muslim" na "gay", ikilalamikia ubaguzi ulio ndani yake.

Na sera hubadilika dunia inapobadilika. Machi 2017 gazeti la The Times la London lilionyesha matangazo ya kampuni kubwa yakiwa kwenye video za wenye siasa kali YouTube, kampuni zikakimbia, na YouTube ikakaza kamba. Januari 2018 ikatangaza kwamba hupati matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka. Wenye siasa kali walikuwa wachache. Waliokatiwa walikuwa wadogo wote.

Machi 2022 Google ilisema haitalipia maudhui yanayotumia vibaya, yanayopuuza au yanayohalalisha vita vya Ukraine. Unaweza kukubaliana nayo kabisa. Hata hivyo jiulize ni nani aliyepiga kura.

Kwani magazeti hayakuwa yakinyimwa matangazo zamani?

Yalikuwa, na bado. Kenya, mwaka 2017, serikali iliziagiza wizara na idara zake kuacha kutangaza kwenye magazeti binafsi na kutumia MyGov, gazeti la serikali yenyewe. Mwaka 2024 likatoka agizo kwamba matangazo ya serikali ya redio na televisheni yaende KBC, shirika la utangazaji la serikali. Vyombo vya habari vilipiga kelele, baraza la habari likasema, watu wakaenda mahakamani.

Hiyo ndiyo tofauti. Pale kulikuwa na barua yenye sahihi ya mtu na cheo chake. Unaweza kumtaja, kumshitaki, kumchora katuni. Ukizimiwa matangazo na mtambo, unapata kiungo cha ukurasa wa msaada.

Kwa Tanzania jambo lina pande mbili. Kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka hata mwenye blogu kuwa na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, iliyokuwa ikifika zaidi ya shilingi milioni mbili kwa mwaka wa kwanza ukijumlisha ada zote. JamiiForums, jukwaa la mijadala, ilizima mtandao wake kwa muda Juni mwaka huo. Kanuni zimerekebishwa tangu hapo, lakini mtu aliyelipia leseni ndiye hasa anayehitaji matangazo ili fedha irudi. Kwa hiyo anaandika huku akitazama Dodoma kwa jicho moja na California kwa jingine.

Mbona mapato ni kiduchu hivi?

Bei inapangwa na mnada, na jicho la msomaji wa Tabora linanadiwa kwa bei ndogo kuliko la msomaji wa Toronto. Ndiyo maana blogu yenye wasomaji wa Muscat, London na Minnesota hupata zaidi kwa wasomaji wachache, na ndiyo maana blogu nyingi zimejaa habari za viza na nauli. Hiyo nayo ni namna ya kuamuliwa cha kuandika, na haihitaji sera yoyote.

Makato nayo yapo. AdSense hukuachia takriban asilimia 68 ya alicholipa mwenye tangazo. Kwenye mnyororo mrefu wa mawakala hali ni mbaya zaidi: uchunguzi wa chama cha wenye matangazo cha Uingereza, ISBA, uliofanywa na PwC na kutolewa 2020, ulikuta nusu tu ya fedha, asilimia 51, ndiyo iliyomfikia mchapishaji. Asilimia 15 hazikujulikana ziliishia wapi. PwC, yenye wahasibu wa kila aina, ilishindwa kuzifuata.

Tovuti yangu ni ya mawaidha na inaonyesha matangazo ya mahusiano na kubeti. Naweza kuyazuia?

Ndiyo. Kwenye sehemu ya kuzuia matangazo kuna makundi nyeti unayoweza kuyafunga moja moja, na unaweza kuzuia tovuti ya mwenye tangazo kwa anwani yake. Kamari kwa kawaida haiji mpaka wewe mwenyewe uiruhusu, kwa hiyo angalia kama hukuiruhusu bila kujua, au kama matangazo hayo yanatoka kwenye mtandao mwingine uliouweka, hasa ile inayofumua dirisha jipya kila msomaji akigusa skrini. Ukifunga makundi mengi, mapato yatashuka. Kwa tovuti ya dini naona ni gharama ya halali.

Nifanyeje nisimtegemee dalali mmoja?

Kubadili mtandao peke yake hakutoshi, maana mingi ya mitandao mingine nayo hupeleka nafasi zako kwenye mnada uleule wa Google. Kilichosaidia tovuti tunazozijua ni kuuza nafasi moja, ile ya juu, moja kwa moja kwa mfanyabiashara wa karibu: shule binafsi wakati wa kuandikisha wanafunzi, duka la vifaa vya ujenzi, wakala wa safari za Umra. Bei mnakubaliana kwa mwezi, analipa kwa M-Pesa au Lipa Namba, unamwandikia risiti. Hakuna mashine katikati.

Tahadhari: mwenye shule naye hatapenda usome matokeo yake ya mtihani hadharani. Andika kwenye makubaliano, hata ya ukurasa mmoja, kwamba tangazo halinunui habari, na usimruhusu mmoja apite robo ya mapato yako yote. Michango ya wasomaji inafaa tovuti yenye jambo lake mahususi, kama historia ya pwani au kilimo cha mkoa mmoja. Kwa tovuti ya habari mchanganyiko, watu hawachangii.

Barua ya PIN, namba ya AdSense ya kuthibitisha anwani yangu, haijafika.

Ukifikisha dola 10 inatumwa kadi ya karatasi kwa posta. Andika sanduku la posta linalofanya kazi, si jina la mtaa. Isipofika, omba nyingine kwenye akaunti. Una miezi minne kabla matangazo hayajasimamishwa. Malipo yenyewe huanza ukifikisha dola 100.

Nikifungiwa akaunti, fedha iliyokuwemo inakwenda wapi?

Ikiwa sababu ni mibofyo isiyo halali, fedha inazuiwa na, inapowezekana, inarudishwa kwa wenye matangazo. Una nafasi ya kukata rufaa kwa fomu. Eleza wageni wako walitoka wapi, ulinunua trafiki au hukununua, nani mwingine ana nywila. Kufungua akaunti nyingine kwa jina la ndugu hakuruhusiwi, na ikigundulika nayo hufungwa. Kwa hiyo toa nakala ya ripoti za mapato kila mwezi uziweke kwenye kompyuta yako, kwa sababu akaunti ikishafungwa huenda usiweze tena kuziona.